Colin Powell: Jenerali wa vita aliyefika Naivasha kuhimiza amani

JUMATANO ya Oktoba 22, 2003, Naivasha ilimpokea mgeni ambaye jina lake lilikuwa halikosekani katika taarifa za vita duniani. Alikuwa ni Colin Powell, jenerali mstaafu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo.

Safari hii hakuja kutetea vita. Alikuja kuwahimiza Wasudani waliokuwa wakizungumza nchini Kenya wavimalize vita vyao, ambavyo tangu mwaka 1983 vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili.

Mazungumzo hayo yalifanyika katika hoteli iliyo kando ya Ziwa Naivasha, kwenye barabara ya kusini mwa ziwa inayopita mashamba ya maua na kuelekea Olkaria. Jina la Olkaria linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya udongo mwekundu, ule ambao morani hujipaka. Leo eneo hilo linajulikana zaidi kwa mvuke unaochimbwa ardhini kuzalisha umeme. Kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1981, na kituo cha pili, Olkaria II, kikaanza mwaka huohuo wa 2003 alipofika Powell.

Ardhi ya namna hiyo, yenye volkano za Longonot na miamba ya Hell's Gate, haikuwa ngeni kabisa kwa mgeni huyo. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya jiolojia. Hata hivyo, kilichomleta Bonde la Ufa hakikuwa miamba.

Miezi minane na nusu kabla ya siku hiyo, Powell alikuwa ameketi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mjini New York akiieleza dunia kwa nini Iraq ilistahili kukabiliwa. Ili kuelewa jinsi mtu mmoja alivyobeba kazi hizo mbili katika mwaka mmoja, ni lazima kuyarejea maisha yake.

Mtoto wa wahamiaji

Colin Luther Powell alizaliwa Aprili 5, 1937 katika mtaa wa Harlem, New York, na kukulia Bronx Kusini. Wazazi wake, Luther na Maud Powell, walikuwa wahamiaji kutoka Jamaica. Baba alikuwa karani katika biashara ya kusafirisha bidhaa na mama alikuwa mshonaji.

Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alijiunga na City College ya New York, chuo cha umma kilichowasomesha watoto wengi wa wahamiaji na wafanyakazi, na alama zake zilikuwa za wastani tu. Kilichombadilisha ni mafunzo ya uofisa wa jeshi yaliyokuwa yakitolewa chuoni hapo. Humo alipata nidhamu, marafiki na lengo la maisha. Mwaka 1958 alihitimu na kuingia jeshini akiwa luteni wa pili.

Ulikuwa wakati mwafaka kwa kijana mweusi kuchagua jeshi. Miaka kumi tu nyuma, mwaka 1948, Rais Harry Truman alikuwa ametoa amri ya kukomesha ubaguzi wa rangi katika majeshi ya Marekani. Ndani ya kambi Powell alipewa heshima ya cheo chake. Nje ya kambi hali ilikuwa nyingine: katika jimbo la Georgia, ofisa huyo aliyekwisha kumwaga damu vitani alikataliwa kuhudumiwa katika mgahawa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Mwaka 1962 alimwoa Alma Johnson, na wakajaliwa watoto watatu.

Funzo la Vietnam

Mwaka huohuo alipelekwa Vietnam kuwa mshauri wa kikosi cha jeshi la Vietnam Kusini. Akiwa doria alikanyaga mti uliochongwa na kutegwa na adui, ukamtoboa mguu. Alirejea huko kwa mara ya pili mwaka 1968. Helikopta aliyokuwamo ilianguka, naye, licha ya kuumia, akarudi katika mabaki yaliyokuwa yakiwaka moto kuwatoa wenzake. Kitendo hicho kilimpatia nishani ya ushujaa.

Kipindi hicho cha pili kilimwachia pia lawama. Akiwa makao makuu ya divisheni yake, aliagizwa kuchunguza barua ya askari mmoja aliyedai kwamba wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiwatendea raia ukatili. Powell aliyakanusha madai hayo, akaandika kwamba uhusiano kati ya askari na raia ulikuwa mzuri. Divisheni hiyo ndiyo ambayo askari wake walikuwa wamewaua mamia ya raia katika kijiji cha My Lai mwezi Machi 1968, kabla yeye hajajiunga nayo. Wakosoaji wake hawakuacha kumkumbusha jambo hilo.

Vita vya Vietnam vilimfunza somo alilolibeba maisha yake yote: kwamba wanasiasa waliwapeleka vijana vitani bila kuwa na lengo linaloeleweka, na makamanda waliojua ukweli wakanyamaza.

Kutoka kwenye somo hilo yalizaliwa mawazo ambayo baadaye yaliitwa Fundisho la Powell. Kwa mujibu wa fundisho hilo, nguvu za kijeshi zisitumike mpaka njia nyingine zimekwisha. Zikitumika, pawe na lengo bayana, wananchi wawe wameliunga mkono, nguvu ziwe kubwa kiasi cha kumshinda adui upesi, na njia ya kutoka vitani iwe imejulikana kabla ya kuingia.

Kilele cha jeshi

Powell alipanda ngazi kwa kuchanganya ukamanda na kazi za ofisi. Aliongoza kikosi Korea Kusini mwaka 1973, na baadaye brigedi. Katika miaka ya 1980 alikuwa msaidizi wa kijeshi wa Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger, kabla ya kukabidhiwa sehemu ya jeshi la Marekani lililokuwa Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alimteua kuwa Mshauri wa Usalama wa Taifa.

Oktoba 1, 1989, akiwa na umri wa miaka 52, alikuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, cheo cha juu kabisa kwa mwanajeshi wa Marekani. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo.

Jina lake lilienea duniani katika Vita vya Ghuba. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, Marekani na washirika wake walikusanya jeshi kubwa huko Saudi Arabia. Wamarekani pekee walizidi nusu milioni. Mashambulizi ya anga yalianza Januari 1991, na vita vya nchi kavu vikamalizika mwishoni mwa Februari baada ya saa 100. Kuwait ilikombolewa na majeshi yakasimama. Waliotaka Saddam Hussein ang'olewe walilaumu uamuzi huo, lakini kwa Powell lengo lilikuwa limetimia.

Katika ukanda huu wa Afrika, wengi wanamkumbuka kwa Somalia. Alikuwa mkuu wa majeshi Desemba 1992, wanajeshi wa Marekani walipotua Mogadishu kulinda misafara ya chakula, wakati maelfu ya Wasomali walikuwa wamekwisha kukimbilia Kenya. Operesheni hiyo ilianza kwa lengo la kulisha wenye njaa, ikaishia katika kumsaka Jenerali Mohamed Farah Aidid. Powell alistaafu Septemba 30, 1993. Siku tatu baadaye yalianza mapigano ya Mogadishu ambamo wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa.

Saa moja iliyomtia doa

Baada ya kustaafu alikuwa maarufu kiasi kwamba wengi walimsihi agombee urais. Novemba 1995 alitangaza kwamba hatagombea. Alirejea serikalini Januari 2001, George W. Bush alipomfanya Waziri wa Mambo ya Nje, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mashambulizi ya Septemba 11 mwaka huo yalibadili kila kitu. Wenzake serikalini walitaka vita na Iraq. Powell alimtahadharisha Bush juu ya mzigo wa kuitawala nchi iliyovunjwa, akashauri suala hilo lipelekwe Umoja wa Mataifa. Lakini Rais alipoamua, jenerali alitii.

Februari 5, 2003 alizungumza kwa zaidi ya saa moja mbele ya Baraza la Usalama, akionyesha picha na kusikilizisha sauti zilizonaswa, akidai Iraq ilikuwa ikificha silaha za maangamizi. Alichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu aliaminika kuliko mawaziri wenzake. Machi 20 vita vilianza. Silaha zile hazikupatikana. Mwaka 2005 Powell alikiri hadharani kwamba hotuba hiyo ni doa katika maisha yake. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Njia ya Naivasha

Suala la Sudan lilikuwa mezani kwake tangu mwanzo. Mei 2001 alifika Nairobi na kukutana na Rais Daniel arap Moi. Septemba 6 mwaka huo Bush alimteua John Danforth, aliyekuwa seneta, kuwa mjumbe wake maalumu wa amani ya Sudan.

Serikali ya Khartoum nayo ilikuwa na sababu ya kusikiliza. Ilikuwa katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi tangu 1993, ilikuwa imewekewa vikwazo vya uchumi tangu 1997, na iliwahi kumhifadhi Osama bin Laden hadi 1996. Baada ya Septemba 11, hakuna aliyetaka kuhesabiwa upande wa adui wa Marekani.

Hata hivyo, upatanishi haukuwa wa Marekani. Ulikuwa wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na uliongozwa na jenerali mwingine: Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Mzaliwa huyo wa Elgeyo Marakwet alipitia ujasusi wa kijeshi na kufika hadi kuwa kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu la Kenya. Moi alimkabidhi kazi ya Sudan mwaka 2001, na serikali ya Rais Mwai Kibaki ikamwachia aendelee nayo. Marekani, Uingereza na Norway zilikaa pembeni zikisaidia na kushinikiza.

Hatua ya kwanza kubwa ilifikiwa Machakos, Julai 20, 2002. Khartoum ilikubali watu wa Kusini wapige kura ya maoni kuamua hatima yao baada ya miaka sita ya mpito. Nao wapiganaji wa SPLM/A walikubali sheria za Kiislamu ziendelee Kaskazini.

Mwaka uliofuata mambo yalikaribia kuvunjika. Julai 2003, katika mji wa Nakuru, Sumbeiywo na timu yake waliweka mezani rasimu ya kumaliza masuala yote yaliyosalia, yakiwamo majeshi, madaraka na mji mkuu. Rais Omar al-Bashir aliikataa hadharani kwa maneno makali. Kikao kingine cha Nanyuki, Agosti, hakikuzaa kitu.

Ndipo wakubwa wenyewe wakaitwa. Mwanzoni mwa Septemba 2003 Makamu wa Rais wa Sudan, Ali Osman Taha, na kiongozi wa SPLM/A, John Garang, walikutana ana kwa ana Naivasha. Mara nyingi walizungumza wao wawili tu, bila mpatanishi chumbani. Sumbeiywo aliwapa nafasi hiyo. Septemba 25 walitia saini makubaliano ya ulinzi: kila upande ungebaki na jeshi lake, na pangekuwa na vikosi vya pamoja vyenye askari 39,000.

Mgeni njoo

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Powell siku ile ya Oktoba. Suala la majeshi, gumu kuliko yote, lilikuwa limevukwa. Yaliyobaki yalikuwa kugawana mafuta, kugawana madaraka, na hatima ya maeneo matatu ya Abyei, Milima ya Nuba na Blue Nile Kusini.

Alikutana na Taha na Garang, kisha akawatangazia waandishi wa habari kwamba pande zote mbili zimekubali kubaki mezani na kukamilisha mkataba kabla ya Desemba kwisha. Aliwaahidi pia kwamba Rais Bush angewaalika Ikulu ya Marekani mkataba ukipatikana. Kutoka Naivasha alielekea Madrid, Hispania, kwenye mkutano wa kuchangisha fedha za kuijenga upya Iraq.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujio wa Powell uliwaonyesha Wasudani kwamba taifa lenye nguvu kuliko yote duniani lilikuwa linasubiri jibu lao. Kwa Khartoum ulikuwa na maana ya uwezekano wa kuondolewa vikwazo, na kwa Garang ulikuwa hakikisho kwamba mkataba usingebaki bila shahidi.

Lakini Desemba ilipita bila mkataba. Makubaliano ya kugawana mali yalisainiwa Januari 7, 2004: asilimia mbili ya mapato ya mafuta ya Kusini yaende kwa majimbo yanayoyatoa, na kilichosalia kigawanywe nusu kwa nusu. Itifaki tatu za mwisho zilisainiwa Naivasha Mei 26. Utaratibu wa utekelezaji ulikamilika usiku wa kuamkia mwaka mpya, Desemba 31, 2004, baada ya Baraza la Usalama kufanya kikao maalumu Nairobi mwezi Novemba kuwabana wahusika.

Hapo ndipo tofauti ya kazi za majenerali hao wawili inapoonekana. Mmoja alikuja kwa siku moja na uzito wa taifa lake, akaweka tarehe. Mwingine alikaa na wahasimu kwa miaka, akapokea matusi yao, akarudi mezani kila walipoondoka. Tarehe ya mgeni ilisaidia kusukuma, lakini haikuweza kuuivisha mkataba kabla ya wakati wake.

Moto wa Darfur

Wakati Naivasha ikiandika amani ya Kusini, moto mwingine ulikuwa umewaka Darfur, magharibi mwa Sudan, tangu mwanzoni mwa 2003. Makundi ya Darfur hayakuwa na kiti kando ya Ziwa Naivasha. Wakosoaji walisema mataifa makubwa yalisita kuibana Khartoum kuhusu Darfur yakihofia kuvuruga mazungumzo ya Kusini.

Powell alifika Darfur mwishoni mwa Juni 2004 na kuwaona wakimbizi wa ndani. Septemba 9 aliiambia Kamati ya Seneti kwamba yaliyotendeka huko ni mauaji ya kimbari. Ilikuwa kauli nzito, lakini aliongeza kwamba haikuilazimu Marekani kuchukua hatua mpya.

Januari 9, 2005 alirudi Nairobi. Katika Uwanja wa Nyayo, Taha na Garang walitia saini Mkataba Kamili wa Amani, na Powell akaweka saini yake kama shahidi kwa niaba ya Marekani, pamoja na Marais Kibaki na Yoweri Museveni na mashahidi wengine. Siku 17 baadaye aliacha uwaziri.

Kilichobaki

Garang aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Julai 9, 2005, na akafariki katika ajali ya helikopta Julai 30, wiki tatu tu baadaye. Mkataba uliendelea bila yeye. Januari 2011 wananchi wa Kusini walipiga kura, na karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Julai 9, 2011 Sudan Kusini ilikuwa taifa huru.

Lakini mkataba ulikuwa wa pande mbili, na ulitoka mikononi mwa wenye bunduki. Ndani ya Kusini hapakuwa na makubaliano ya namna hiyo kati ya makamanda wenyewe, na Desemba 2013 walianza kupigana. Kaskazini nako, majenerali waliomwondoa Bashir mwaka 2019 waligeuziana silaha mjini Khartoum Aprili 15, 2023.

Powell, kwa upande wake, aliishi miaka iliyosalia akizungumza kwa uhuru ambao hakuwa nao akiwa waziri. Oktoba 2008, ingawa alikuwa wa chama cha Republican, alimuunga mkono Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Siaya nchini Kenya. Alifariki Oktoba 18, 2021 kwa matatizo yaliyotokana na virusi vya korona, akiwa pia na saratani iliyodhoofisha kinga yake. Alikuwa na umri wa miaka 84.

Tanzia nyingi ziliitaja Iraq. Ila kwa kipimo cha fundisho lake mwenyewe, safari ya Bonde la Ufa ilikuwa karibu zaidi na yale aliyoyaamini kuliko hotuba ya New York: lengo lilikuwa bayana, majirani walikuwa wameliunga mkono, na njia nyingine isiyokuwa ya vita ilikuwa haijakwisha.

Mei 2024, Serikali ya Kenya ilipozindua jijini Nairobi mazungumzo ya Tumaini kati ya Serikali ya Sudan Kusini na makundi yaliyobaki nje ya mkataba wa 2018, aliyeitwa kuyaongoza alikuwa Jenerali Sumbeiywo. Zaidi ya miaka 20 baada ya mgeni wake kuweka tarehe ya mwisho ya Desemba, mwenyeji alikuwa bado kazini.